Hawezi, au Hataki?



Mara nyingi ugomvi wa nyumbani huanzia kwenye fedha, ulevi au wakwe. Leo tuzungumze juu ya neno moja dogo ambalo limetenganisha watu wengi waliopendana. Neno lenyewe ni "hataki".

Fikirieni nyumba kama hii. Mume na mke wana kijana wa miaka 9. Msimamishe kando ya barabara, naye atakutajia namba ya usajili ya kila matatu inayopita njia hiyo. Mtajie tarehe ya harusi yenu, atakwambia ilikuwa siku gani ya juma. Lakini kijana huyo huyo hajui kufunga vifungo vya shati. Mgeni akimwuliza, "Habari yako?" anamrudishia maneno yale yale, "Habari yako?" Kanisani, ngoma na kayamba zinapoanza wakati wa matoleo, anaziba masikio, anapiga mayowe na kukimbilia nje. Watu wote wanageuza shingo kumtazama mama yake.

Wakifika nyumbani, baba anasema: "Mtoto mwenye kichwa cha kukumbuka namba mia mbili hawezi kushindwa na vifungo vinne. Huyu hataki tu, na wewe ndiwe unayemdekeza." Mama anajibu: "Mtoto huyu hawezi kitu, nawe unamchapa bure." Baba anachukua fimbo, mama anasimama katikati, na usiku wanalala wamepeana migongo.

Ni nani kati yao anayesema kweli? Na je, ni haki kumlaumu mtu kwa lile linalomshinda, kwa sababu tu kuna jingine analoliweza? Hilo ndilo swali letu la leo.

Hali hii ni nini

Hali ya mtoto kama huyo huitwa usonji. Si wazimu, si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna tofauti ambayo ubongo hukua, na mwanzo wake ni mapema, mtoto angali tumboni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hii. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waumini 2,000 yaweza kuwa na watu kumi na watano hivi wenye usonji, hata kama jina hilo halijawahi kutajwa mimbarini.

Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner, wa mji wa Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Tangu wakati huo aliliona jambo lile lile linalowashangaza wazazi. Baadhi ya watoto hao walikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya majina na maneno, lakini mazungumzo ya kawaida yaliwashinda.

Kwa nini jambo hilo hutushangaza? Kwa sababu kwa watu walio wengi uwezo huenda pamoja. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri katika somo moja, kwa kawaida hufanya vizuri katika mengine pia. Sote tunalijua hilo kwa mazoea. Tukimwona mtoto hodari wa hesabu, tunamtazamia awe hodari wa kusoma, wa kuagizwa dukani na wa kusalimu wageni. Tunaionja akili kama uji, mwiko mmoja tu, na kusema tumeujua utamu wa chungu kizima.

Katika usonji kanuni hiyo hulegea. Mtoto anaweza kuwa juu sana katika jambo moja, wa kawaida katika la pili, na chini sana katika la tatu. Ubongo una sehemu nyingi zinazopelekeana habari, na kwa mtu mwenye usonji njia za kupelekeana habari hizo zimejengwa kwa namna nyingine. Hakuna mahali pamoja katika ubongo ambapo daktari ataweka kidole na kusema, "Ugonjwa uko hapa."

Mwaka 1983 huko Uingereza, Amitta Shah na Uta Frith waliwapa watoto kazi ya kutafuta umbo dogo lililofichwa ndani ya picha kubwa. Watoto wenye usonji waliwashinda wenzao wa kiwango kile kile cha akili. Macho yao yalichukua vipande vidogo kwanza, na picha nzima haikuwazuga. Sasa mfikirieni mtoto wa namna hiyo kanisani. Pale ambapo nyinyi mnasikia wimbo mmoja, yeye huenda anasikia kila ngoma, kila kayamba, kila kikohozi na kila kiti kinachosogezwa, vyote kwa nguvu ile ile. Watu wengi wenye usonji huumizwa hasa na kelele. Anayeziba masikio hafanyi dharau. Anajiokoa.

Jambo lingine la kutufikirisha lilitoka Montreal, nchini Kanada, mwaka 2007. Wataalamu waliwapima watoto 38 wenye usonji kwa vipimo viwili vya akili. Cha kwanza kina maswali mengi ya kujibu kwa mdomo. Cha pili ni cha michoro: mtoto hutazama mpangilio wa maumbo na kuchagua kipande kinachokosekana. Kwa kipimo cha kwanza, theluthi ya watoto hao walionekana kuwa na akili pungufu. Kwa kipimo cha pili, ni watoto 5 tu kati ya kila 100 walioonekana hivyo. Watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuwauliza.

Wazazi wapendwa, ikiwa mtaalamu mwenye elimu yake anaweza kumhukumu mtoto vibaya kwa kumwuliza swali lisilomfaa, je, sisi tunaohukumu kwa hasira, saa moja asubuhi, gari la shule likipiga honi mlangoni?

Nusu mbili za ukweli

Turudi sasa kwa wale wazazi wetu wawili. Baba ameona lile ambalo mtoto analiweza, na ameliona vizuri. Mama ameona lile linalomshinda, naye pia ameliona vizuri. Walipokosea ni katika jambo moja ambalo wote wawili wanaliamini bila kulisema. Wanaamini kwamba akili ni kitu kimoja, na mtu anayo nyingi au anayo kidogo. Baba anasema: ni nyingi, kwa hivyo anakataa makusudi. Mama anasema: ni kidogo, kwa hivyo asiombwe kitu.

Wewe baba, kukumbuka namba za magari na kufunga vifungo ni kazi mbili tofauti. Kazi ya vifungo inataka vidole vinavyotiiana, na watoto wengi wenye usonji wana shida hapo. Unapomchapa kwa ajili ya vifungo, humfundishi vifungo. Unamfundisha kwamba kipawa chake ni hatari, maana kila anapokionyesha, anadaiwa mambo mengine yote.

Wewe mama, mapenzi yako ni makubwa, lakini kumfanyia mtoto kila kitu ni kumhukumu pia. Umeshakata kauli kwamba hawezi. Mtoto wa miaka 9 anayelishwa kijiko kwa kijiko, ilhali anaweza kujifunza kula mwenyewe kidogo kidogo, anaibiwa kitu kilicho chake. Na siku utakapougua, nani atamlisha?

Tena kuna jambo linalowakosesha wazazi wengi subira: "Jana alifanya, mbona leo hataki?" Uwezo wa mtoto huyu haubaki pale pale. Akiwa amelala vizuri na nyumba imetulia, anaweza kuvaa mwenyewe. Akiwa na njaa, au wageni wamejaa sebuleni, au njia ya kwenda shule imebadilishwa ghafla, yale ya jana yanamponyoka. Hata wewe mwenye afya, siku ya msiba hushindwa kukumbuka ulipoweka ufunguo.

Je, tusimkanye kamwe?

Najua kuna mzazi atakayesema: "Ukisema hivyo utamharibu mtoto. Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo ni ya kweli, lakini hata samaki hukunjwa upande ule anaokunjika. Mtoto mwenye usonji ni mtoto. Anaweza kuwa mtundu, anaweza kudanganya, anaweza kumnyang'anya dada yake andazi akijua anafanya vibaya. Kumwona hana kosa kamwe ni kumwona si mtu kamili.

Basi tutajuaje? Kabla ya kutamka "hataki", jiulizeni maswali matatu. La kwanza: je, anashindwa hata pale anapolitaka jambo lenyewe kwa moyo wote? Mtoto anayelia kwa kiu mbele ya mtungi, na bado hasemi "maji", hafanyi ukaidi. La pili: je, kuna mtu amemfundisha jambo hilo hasa, hatua kwa hatua, au tulitarajia alijue kwa kuwa anajua mengine? La tatu: mwili wake ulikuwa katika hali gani, na kulikuwa na nini pale, kelele, umati, mwanga mkali, badiliko la ghafla?

Kanuni ya haki hapa ni fupi. Uwezo katika jambo moja si ushahidi wa ukaidi katika jambo jingine. Tusipoishika, tutawaadhibu watoto kwa kosa la kuzaliwa na akili isiyolingana.

Lawama isiwavunje nyinyi

Jambo hili linaigusa ndoa yenyewe. Kwa miaka mingi lawama ya usonji iliwekwa juu ya mama. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto huko Chicago, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba watoto hawa wamejifungia ndani yao kwa sababu ya wazazi wasio na upendo, na hasa mama. Akina mama wengi walilia machozi yasiyokuwa yao. Lakini miaka mitatu kabla yake, mwaka 1964, Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuandika kwamba hali hii inatokana na mwili, si na malezi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha ambao angalau mmoja wao alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, katika 4 wote wawili walikuwa na hali hiyo. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakukuwa na hata moja. Kwa hivyo chanzo kikubwa kiko katika urithi wa mwili, wala si katika mapenzi ya mama.

Mkisikia neno urithi, msianze kuulizana limetoka ukoo gani. Chembe za urithi zinazohusika ni mamia. Nyingine hutoka kwa baba, nyingine kwa mama, na nyingine huwa ni badiliko jipya kabisa ambalo wazazi wote wawili hawana. Shangazi anayesema, "Kwetu hatuna watoto wa namna hii," hajui asemalo. Tunakumbuka pia kwamba wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake. Bwana wetu alikataa yote mawili. Swali lile lilikuwa baya tangu mwanzo.

Sikilizeni habari ya nyumba moja iliyoshindwa. Temple Grandin alizaliwa huko Boston, Marekani, mwaka 1947. Alikuwa hajaanza kusema kwa miaka mitatu ya kwanza na zaidi. Baba yake alitaka apelekwe katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza. Mama yake, Eustacia Cutler, alikataa, akamtafutia walimu. Msichana yule aliendelea kushindwa na hesabu za aljebra, lakini alifikiri kwa picha, na aliweza kuona kile ng'ombe anachokiona anapopita kwenye ua. Leo ni profesa wa mambo ya mifugo, na sehemu kubwa ya ng'ombe wa Marekani na Kanada hupitishwa katika nyua zilizojengwa kwa michoro yake. Lakini ndoa ya wazazi wake ilivunjika. Binti alifaulu, nyumba ikaanguka. Mlipoahidiana mbele ya altare, taabu na raha, ugonjwa na afya, ahadi ile haikubagua aina ya mtoto mtakayempata.

Msipende kipawa mkamwacha mtoto

Hapo ni lazima tujihadhari. Habari kama hiyo ya profesa hutufurahisha, na upesi tunaanza kumtazama mtoto wetu tukingoja muujiza. Kipawa cha kushangaza hakipo kwa kila mtoto. Mwaka 1978 Rimland alieleza kwamba kwa taarifa za wazazi, ni karibu mtoto 1 tu kati ya 10 wenye usonji aliyekuwa na kipawa cha namna hiyo. Wengi hawana cha kuwaonyesha wageni. Wengine hawatasema neno maisha yao yote, na watahitaji kuoshwa na kuvikwa wakiwa watu wazima.

Tukisema, "Msimdharau, kwani ana kipawa," tumemtetea mmoja na kuwatupa tisa. Thamani ya mtoto haingoji apate alama katika jambo lolote. Katika mfano wa talanta, yule mtumishi aliyepewa mbili hakudaiwa faida ya aliyepewa tano, na wote wawili walikaribishwa katika furaha ile ile. Mtoto wenu atadaiwa alichopewa. Nasi tusimdai zaidi ya hapo, wala tusidai kidogo kiasi cha kumfukia.

Nanyi wenyewe je?

Mkijifunza kumtazama mtoto hivi, mtajikuta mnatazamana upya. Kuna mume anayeweza kutunza hesabu za chama cha watu mia bila kukosea shilingi, lakini neno "nisamehe" halitoki kinywani mwake. Kuna mke anayeweza kuongoza mkutano wa jumuiya nzima, lakini hupotewa na maneno mbele ya mama mkwe. Mara ngapi tumesema, "Kama unaweza lile, mbona huwezi hili? Hunipendi tu"? Hata sisi tusio na usonji hatulingani pande zote.

Lakini neno hili lisigeuzwe kuwa ngao ya uovu. Mume anayempiga mkewe, lakini hathubutu kumwinulia mkono mkubwa wake wa kazi, ameonyesha kwamba kujizuia anakuweza. Huyo hataki. Uwezo katika jambo lile lile ni ushahidi. Uwezo katika jambo jingine si ushahidi.

La kufanya

Kama mnashuku mtoto wenu ana hali hii, msizunguke kwa waganga, wala msikubali kuuziwa dawa ya kuondoa usonji, kwani haipo. Mpelekeni hospitali apimwe, na masikio pia yapimwe. Hapa Kenya kuna vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza shule, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1984. Ulizeni ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi. Daktari au mwalimu akiwapa matokeo, msiridhike na jibu moja la "akili yake ni kiasi hiki". Ulizeni: yuko juu wapi, yuko chini wapi, na tuanzie wapi?

Nyumbani, gawaneni kazi. Baba achukue zamu yake ya kumvisha na kumwogesha, ili ajue kwa mikono yake ni lipi linalomshinda mtoto. Mama apumzike saa mbili bila kuona haya. Katika Misa, kaeni karibu na mlango, na mmoja wenu atoke naye mara ngoma zinapoanza, kisha warudi. Wale wanaogeuza shingo wataizoea familia yenu.

Jioni hii, watoto wakishalala, zimeni redio na simu, mkae mezani wawili. Chukueni karatasi, mpige mstari katikati. Upande mmoja baba aandike mambo matatu ambayo mtoto hawezi. Upande wa pili mama aandike mambo matatu anayoweza. Ndiyo, baba aandike asiyoweza, na mama aandike anayoweza. Kisha badilishaneni, kila mmoja asome kwa sauti alichoandika mwenzake, na mchague jambo moja dogo, moja tu, la kumfundisha mwezi huu. Labda liwe kifungo kimoja, kile cha juu.